Kompyuta Inayozima Mikononi Mwangu Tu

Jumatatu, 7 Julai

Imezima tena. Mara mbili kabla ya chai. Mtihani wa hesabu wa darasa la sita, swali la kumi na tisa, halafu kimya. Umeme upo, taa inawaka, hata skrini ina kitaa chake. Ni lile kasha la chini tu lililokufa.

Nimemwita fundi wa upande wa Kenya. Akalipandisha kasha mezani, akalifungua, akaliwasha saa nzima. Halikuzima. "Mathe, hii mashine iko poa," akasema. "Cheki tu vile unabonyeza."

Vile ninabonyeza! Nimechapa hapa Busia miaka ishirini na sita. Nilianza na taipureta, yeye hajazaliwa.

Jumanne, 8 Julai

Fundi wa pili, wa hapa kwetu upande wa Uganda. Kasha juu ya meza, saa nzima, halikuzima. Alipotoka tu na kasha kurudi mahali pake, likazima.

Wandera, mwanangu mkubwa, alikuwepo. Aliongea nami kwa upole ule wa kuongea na mgonjwa. Eti mkono ukizeeka hugusa visivyoguswa. Eti ameshapata msichana wa kuchapa. Hali ikiwa hivi hivi Jumatano ya wiki ijayo, nikapumzike nyumbani Masafu. Kibanda hiki alinijengea yeye, nitabisha vipi?

Nimekasirika. Nimeogopa pia. Nikikaa nyumbani nitabaki kuhesabu kuku mpaka nife.

Jumatano, 9 Julai

Nekesa binti yangu anasema mumewe atakuja kutoka Tororo. Ochwo, fundi wa redio na kompyuta. Miaka minne amemwoa na sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Sitarajii kitu.

Halafu tutafanyaje kazi? Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, wala hawapeani mkono. Akiingia mbele, mimi natokea nyuma. Nekesa ndiye atakuwa mdomo wetu.

Alhamisi, 10 Julai

Amekuja. Mimi nyuma ya kibanda, juu ya ndoo iliyogeuzwa, nachungulia kwenye ufa wa mbao kama mwizi. Kiti changu hakukigusa, kiti cha mama mkwe hakikaliwi. Alifanya kazi amesimama. Kila skrubu kwenye kizibo chake cha soda, vizibo vimepangwa mstari. Akatoa vumbi kwa brashi ya rangi. Akafunga, akalirudisha kasha chini. Basi. Safari yote hiyo kwa vumbi?

Nekesa akaja nyuma na ujumbe. "Mama, anasema anatengeneza kitu kimoja kwa siku. Akigusa vitatu, hatajua ni kipi kilikuwa kinaleta shida. Na anaomba uandike. Kila ikizima, ni saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini."

Hakuuliza kama ni kweli inazima. Wa kwanza kutouliza. Nimeliona hilo.

Jumamosi, 12 Julai

Jana alibadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha ndani cha kuingizia umeme. Imezima. Leo memori, kile kibao cha kumbukumbu. Imezima mara tatu. Nimeandika zote, kwa mwandiko wangu mzuri.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, najua. Lakini Jumatano haiji pole.

Jumatatu, 14 Julai

Karatasi imejaa. Aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha tena. Kidole kikasimama mahali. Nekesa akaja. "Mama, anauliza karatasi tupu unaziweka wapi?"

Rafu ya chini, mkono wa kulia. Ninaziinamia. Nikajibu hivyo. Akaondoka mapema bila kufungua skrubu hata moja. Nimebaki na hofu yangu.

Jumanne, 15 Julai

Nimecheka mpaka machozi, na sikuruhusiwa kutoa sauti.

Kasha alilikuta sakafuni, akaliacha hapo hapo. Akamwambia Nekesa akae kwenye kiti changu, achape, ainame kulia. Halikuzima. Nekesa ni mwembamba kama marehemu baba yake. Mkwe wangu akakuna kichwa. Akatazama ukuta, akatazama dari. Aibu tupu. Kisha akatoka, akarudi na nusu gunia la mchele kutoka duka la jirani, akampakatisha mkewe. Alikuwa anatafuta uzito wangu, na mdomo wake hauwezi kuutaja!

"Inama tena," akasema. "Kama wewe nachukua karatasi."

Akainama. Ubao wa sakafu ukashuka. Kasha likainama nao, waya wake wa nyuma ukavutika, kidogo tu. Skrini ikawa giza.

Wale wengine walilipandisha mezani kila mara, na wao wenyewe njiti. Wangeonaje? Huyu hajawahi kuniona nimeketi hata siku moja. Aliniona kwenye karatasi.

Akatia mbao mpya chini ya sakafu, akaweka waya mrefu zaidi. Wandera alipofika kuuliza, alijibiwa maneno matatu: "Ubao ilikuwa imeoza." Ubao! Hakutaja kilo za mama, hakutaja gunia. Nampenda mtu huyu. Acha niandike wazi.

Jumatano, 16 Julai

Mitihani yote imetoka, shule mbili. Haikuzima hata mara moja, na niliinama nilivyotaka. Wandera alikaa benchi la wateja muda mrefu, akitazama mikono yangu. Msichana hakumtaja. Mwishowe akaniomba nimchapie barua. Nikamwambia asubiri zamu yake.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nilikwenda Tororo kumwona mjukuu. Karibu na kwao nikamwona Ochwo anakuja na ndoo ya maji. Akachepuka upande wa mihogo. Mimi nikachepuka upande wa majani. Njia ikabaki tupu katikati yetu. Siku zote tunapitana hivyo, macho chini.

Leo nilisimama. Nikatazama mihogo, si yeye, nikasema, "Asante, mwanangu." Miaka minne nilikuwa namwita mume wa Nekesa.

Aliweka ndoo chini, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka nikapita.