Jibu la Mama Soli kwa Dokta Madirisha

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka, na madirisha ya nyumba hii bado yako wazi. Baba hataki yafungwe. Juzi mvua ilinyesha ya upande, kochi likalowa chapachapa, naye akalisogeza kochi badala ya kuvuta kioo. Kaka akamuuliza kulikoni. Akasema wewe usingefunga.

Mimi kitinda mimba wako ndiye niliyepewa kazi ya kuandika haya. Kaka anasema ni kwa sababu nina mdomo. Dada anasema nililia kuliko wote, kwa hiyo machozi yaliyobaki ni machache na karatasi haitalowa sana. Haya, tuvumilie.

Ulikuwa mwanasayansi wa hewa ya ndani. Ukieleza kazi yako watu walitazama angani, nawe ukawaonyesha dari. Ulisema mtu anamaliza maisha yake chini ya dari ya mtu mwingine, akivuta hewa iliyopangwa na mtu mwingine, na hakuna anayemuuliza kama inamfaa. Basi ukaenda kuipima: viwandani, maofisini, kwenye majiko ya hoteli, kwenye maabara za shule. Ukiingia mahali ulinusa kwanza, ndipo ukasalimia. "Hewa imelala humu," ulikuwa ukisema, na mwenye nyumba atake asitake, pazia linavutwa, dirisha linafunguliwa. Ndiyo maana mtaa mzima ukakuita Dokta Madirisha. Ulilipenda jina lile kuliko vyeti vyako vyote.

Mkwe wako seremala hasahau siku aliyokuja kujitambulisha. Alikuwa amejiandaa kuulizwa ukoo wake na mipango yake. Wewe ukamuuliza anapopaka vanishi anafunga nini puani. Akasema hafungi kitu. Dada alitamani ardhi ipasuke immeze. Mambo ya posa yalisubiri mpaka ulipomtafutia barakoa ya maana na kumfundisha kuivaa, na hadi leo anaivaa. Anasema akisahau anaona haya, kana kwamba umesimama mlangoni pa karakana.

Hukuwa malaika, na ungekasirika tukiandika hivyo. Ulizima redio ya Baba katikati ya mpira ili usikilize kama feni inazunguka sawasawa. Uliwahi kumtoa mgeni rasmi ukumbini, na suti yake, kwa sababu rangi ya ukuta ilikuwa haijakauka. Tulikuwa tunajificha nyuma ya viti kwa aibu, na leo tungetoa chochote utuaibishe tena.

Lakini tukikukumbuka bila kutaja chumba cha gundi tutakuwa tumemkumbuka mtu mwingine.

Kilikuwa kiwanda cha viatu. Wanawake waliobandika soli walilalamika kwamba vichwa vinawauma, vidole vinakufa ganzi, miguu inakosa nguvu. Wakubwa wa kiwanda walisema ni uvivu. Ukatumwa kupima. Na wewe, uliyelelewa kwamba mtu haingii kwa watu bila hodi, ukapeleka taarifa mapema kuwa unakuja siku fulani. Ulipofika ukakuta milango iko wazi, upepo unapita, gundi inanuka kwa mbali tu. Ukapima, vipimo vikatoka vizuri, ukatia sahihi kwamba chumba ni salama.

Haukupita muda mrefu, mmoja wa wale wanawake akaja ofisini kwako. Alipanda ngazi akishika ukuta. Wenzake walimwita Mama Soli, na si kwamba ana mtoto wa jina hilo. Hakuna aliyebandika soli haraka kama yeye. Hakuja kugomba. Alitaka kujua tu: kama hewa ni nzuri, basi yeye anaumwa nini? Ukamuuliza kama siku ya vipimo walifanya kazi kama kawaida.

"Hapana," alisema. "Milango huwa inafungwa ili vumbi lisishike kwenye gundi. Siku ile ilifunguliwa, na nusu yetu tukapelekwa kufagia uwanja. Tulidhani wewe ndiye uliyeagiza."

Baba anasema siku hiyo ulirudi ukakaa jikoni na mkoba ukiwa bado begani.

Mkuu wako wa kazi alikusihi uliache jambo hilo. Alisema mtu akifuta ripoti yake mwenyewe hakuna atakayemwamini tena. Ukamjibu kwamba walioiamini ndio hao wanaougua. Ukaenda kiwandani bila taarifa, ukawavalisha wale wanawake zile pampu ndogo za kiunoni zinazokusanya hewa anayovuta mtu, mrija kwenye kola karibu na pua, milango ikiwa imefungwa kama siku zote. Majibu ya maabara yalipotoka yalitisha. Ukarudi tena, ukasimama mbele yao katikati ya meza za kazi.

"Karatasi iliyosema mko salama niliitia sahihi mimi," uliwaambia. "Haikuwa kweli. Naombeni mnisamehe."

Wachache waliitikia, wengine wakainamisha vichwa. Mama Soli akauliza kama miguu yake itarudi. Mtu mwingine angempa matumaini ya bure. Wewe ulisema hujui. Akakutazama, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Gundi ilibadilishwa, na juu ya kila meza kukawekwa bomba la kunyonya mvuke. Wengi walipona. Cheo ulichokuwa umeahidiwa alipewa mwingine, na ofisi yako ikahamishiwa kwenye iliyokuwa stoo, chumba kisicho na dirisha hata moja. Ulipotusimulia ulicheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukawasumbua watu mpaka ukuta ukatobolewa. Vijana uliowafundisha wanasema uliwakazania jambo moja kuliko yote: pima siku ambayo hakuna anayekusubiri.

Mama Soli hakupona sawasawa. Kila Jumamosi ulikwenda kwake ukamtembeza uani, mkono wake begani kwako, mkizungumza mambo ya majirani, mvua, wajukuu zako. Mlicheka sana; tulipokusindikiza tuliwasikia. Lakini ulipolirudia lile la msamaha, na ulilirudia miaka yote ile, alianza kuzungumzia kuku wake. Ulikuwa ukirudi nyumbani ukimwambia Baba, "Leo pia hakunijibu," kisha unaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hukulalamika. Ulisema ni haki yake, huwezi kumdai mtu msamaha. Hata ulipolazwa ile mara ya mwisho, mtu akibisha mlangoni uligeuza kichwa kuona kama ni yeye. Aliletwa mara moja kwa kiti cha magurudumu, akakushika mkono, akazungumzia kuku. Hicho ndicho kitu tulichokuona unakitamani kuliko vyote, na hatukuweza kukupatia. Uliondoka bila kukipata, na jambo hilo tumelibeba mwaka mzima.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia kwamba tunaandika kumbukumbu hii. Akaomba aandikwe pamoja nasi. Nilisema sawa, kisha nikashindwa kujizuia. Nilimuuliza, kwa hasira kidogo, nisikufiche, kwa nini hakukujibu hata ukiwa kitandani. Alilisugua goti lake.

"Nilimsamehe zamani sana," alisema. "Lakini mwanangu, mimi naishi peke yangu. Niliogopa nikimwambia, ataacha kuja."

Mama, usingeacha. Sisi tunakujua, usingeacha. Nilimwambia hivyo, naye akasema sasa anajua, tukalia pale uani kama watoto. Akaniomba nikuandikie, kwa kuwa mkono wake hauwezi kalamu, kwamba amekusamehe kwa moyo mweupe, na kwamba anaomba wewe pia umsamehe kwa kukuweka ukingoja. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Nilipomuuliza, katika majina ya wanaokukumbuka, nimtaje kuwa ni nani wako, hakufikiri hata kidogo.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mumeo, ambaye sasa anasikiliza mpira feni ikiwa imewashwa; wanao watatu; mkwe wako seremala; wajukuu zako; vijana wako wa maabara; na dada yako, Mama Soli.

Pumzika, Mama. Hutatutoka moyoni kamwe.