Divai Uliyoitema Saint Paul

Baba Wambui wangu,

Leo nimefungua chupa ya divai nyeupe ya Italia sebuleni kwetu hapa ughaibuni, Columbia Heights, mchana, mapazia wazi, na wa kanisani akitaka kupita apite. Usishtuke huko uliko. Aliyeanza si mimi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kwa yule bibi Mwitaliano uliyekuwa ukimtunza nyumbani kwake Saint Paul? Siku moja nilikupokea mlangoni, nikachukua koti lako la baridi, na kabla ya kulitundika nikalinusa. Harufu ilikuwepo, tena imechanganyika na peremende, na mtu mzima hali peremende bure. Wewe mwanakwaya, uliyekataa hata kuonja shampeni kwenye harusi ya mdogo wangu!

"Sijanywa, Mama Wambui," ulisema. "Na nilikuwa na-drive."

Nikalitundika koti, lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mezani ukaanza kutuhubiria: garganega ni zabibu za Veneto, vermentino hupenda upepo wa bahari kule Sardinia, verdicchio ya Marche huacha uchungu kidogo wa lozi mwishoni. Mwanamume wa Nyeri, aliyekulia kwenye kahawa, zabibu za Veneto amezijulia wapi? Nikajua kuna mwanamke anayekufundisha. Na kweli alikuwepo, ila amepita miaka themanini.

Baada ya mazishi yako aliniita. Nilivaa vizuri nikaenda kumwona huyo mtu. Akaniambia kwamba tangu augue kiharusi koo lake halimezi vitu vya majimaji, na daktari amemkataza divai. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia kabati la divai nyeupe kutoka pembe zote za Italia. Basi wewe ulikuwa ukifungua chupa, unapiga funda moja, unalizungusha mdomoni, unatema kwenye kikombe, kisha unamweleza ikoje. Naye anafumba macho, anasikiliza. Kumbe hukunywa.

Hapo ningepumua, lakini nilizidi kushuku, kwa sababu maneno yako aliyajua kwa moyo. Ulimwambia kwamba garganega inanukia maua ya kahawa asubuhi baada ya mvua. Vermentino, majani ya mpera yaliyosuguliwa kiganjani. Baba Wambui, miaka yote niliyokupikia, wewe ulisema "iko sawa." Githeri, iko sawa. Pilau ya Krismasi niliyoamkia alfajiri, iko sawa. Ulimi huo ulikuwa umeuficha wapi? Niliona wivu kuliko kama ningalimkuta ana miaka thelathini.

Akanionyesha chupa ya fiano, ya Campania. Akasema hii ulikuwa ukiipenda kuliko zote, kwa sababu inanukia kama mkeo akitoka jikoni kwa mama yako: moshi na asali. Mzee aliyekaa na mjane anaweza kusema lolote ili amfariji. Akanipa chupa niende nayo, na Jumamosi nirudi nimweleze ikoje, maana siku hizi hana wa kumwonjea.

Ndiyo hii niliyofungua. Nimenusa mpaka pua imechoka. Limau nalisikia, na uchachu wa kukunja uso. Moshi sijausikia, wala asali. Ama ulimdanganya yeye, ama yeye ananidanganya mimi. Na mimi nimemeza, kwa kuwa siimbi kwaya.

Kisha nikatafuta maneno ya kumpelekea. Nimezunguka sebule, nimeonja tena, nimekaa kwenye kiti chako. Nimepata mawili tu, "iko sawa," na nilipoyasema kwa sauti machozi yakanitoka. Sasa nina shaka mpya, na hii siwezi kukuuliza. Kwake ulitema divai, maneno yakabaki. Huenda kwangu ulikuwa ukimeza chakula na maneno pamoja.

Ni mimi mkeo, ambaye koti lako bado nalinusa,

Mama Wambui