Jibu Ambalo Sikulitoa Asubuhi

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, yapike wewe. Dada yako asiguse sufuria, ana mtihani kesho. Usinune, utazoea. Sare yake imeshakauka, ipige pasi.

Asubuhi baba yenu mkubwa alisimama mlangoni nikiwa kwenye sala. "Shemeji, jioni namchukua binti akatulelee mtoto. Kusoma atasoma kaka yake." Sikuweza kukatisha sala. Nilipomaliza alishaondoka, akidhani nimekubali.

Naenda kwake kumwambia hapana. Tangu baba yenu afariki sijawahi kumpinga.

~~Tukipishana njiani, mkaribishe chai.~~ Tukipishana njiani akafika hapo, usimfungulie, hata akisema nimemtuma mimi. Mimi ufunguo ninao.

Mama yenu