Mkanda wa Mama Yako

Mtinda, ndugu yangu,

Nimekuficha jambo moja tangu tulipokuwa vijana, nalo linahusu mkanda wa filamu wa mama yako. Juzi padri alikuja hapa Mwankoko kunipaka mafuta ya wagonjwa. Nilimwambia mengine yote. Hili sikumwambia, kwa sababu wa kuambiwa kwanza ulikuwa wewe, nami nilikuacha ukafa hujui.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Mjukuu wako Neema anatengeneza filamu sasa, filamu za maisha ya watu kama zile tulizopiga serikalini, ila hana gari wala mkubwa wa kumtuma. Ana simu na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, basi. Anawaacha wazee waongee Kinyaturu chao mpaka wamalize, na Kiswahili anakiandika chini ya picha. Nikakumbuka sisi tulivyofunika sauti zao kwa yule msimulizi wetu aliyekuwa anaongea kama anagombana na mtu. Ungecheka.

Anasema yeye na wenzake wanakusanya mikanda ya zamani, wanaisafisha na kuiingiza kwenye kompyuta kabla haijaoza yote. Mara mbili amekwenda Dar es Salaam kumtafuta mama yako kwenye makopo ya mikanda, anafungua hili, anafungua lile. Ule mkanda wa sauti uliomwachia anao. Aliniwekea hapa kitandani, nikamsikia mama akiuliza asimame wapi, akitaka kwanza abadili kanga. Nililia. Neema akadhani ni uzee. Akaniambia, "Babu, sauti ninayo. Bado sura tu."

Sura tu. Wewe mwenyewe hukuwa na hata picha moja yake.

Unakumbuka uhaba ule. Mikanda ilikuja michache na kila mtu alitaka kupigwa picha, kwa hiyo tulizungusha kamera tupu, haina mkanda ndani, watu wakafurahi, tukaondoka. Tulikuwa tunacheka ndani ya gari. Siku ile kijijini Mkiwa, mama anapepeta uwele uani, ulikuwa umeshavaa hedifoni zako za kunasa sauti. Ukanisogelea kwenye kamera, ukasema polepole, "Mwenzangu, kwa mama isiwe tupu."

Nikakujibu, "Imejaa."

Masika yaliyofuata tukamzika mama. Kila ulipouliza, nilikwambia mkanda umepotelea kule ulikopelekwa kusafishwa. Ukawalaumu watu wa kule maisha yako yote. Hata wiki ile ya mwisho, hospitalini, ulinishika mkono ukaniomba nisichoke kuutafuta. Nikasema sitachoka. Nilisema hivyo, Mtinda, na mkono wako ukiwa ndani ya wangu.

Neema anakuja Jumapili kuniaga, anataka kusafiri tena kwenda kutafuta. Nitamwomba aweke simu yake mbele yangu, nami nitasema yote nikimtazama. Hilo nakuahidi. Asije naye akazeeka akifungua makopo. Pumzika, ndugu yangu. Nikifika huko, usinipe mkono mpaka utake mwenyewe.

Kamera ilikuwa tupu. Na mkanda ulikuwepo. Ulikuwa mmoja, wa mwisho, ndani ya begi langu begani, nami niliuweka kwa ajili ya hotuba ya mgeni rasmi saa nane mchana.