Kaseti Tisa na Jani la Isale

Uingereza,
Novemba, siku ya mvua

Kaka yangu Aminieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na kile kikohozi cha masika kimekuachia. Wifi hajambo? Watoto je, na yule mdogo ambaye sijamwona hata kwa picha? Mama alinieleza kwenye simu kwamba maji ya mfereji yaliwafikia huko Chekereni mmeshachelewa, mpunga wa majaruba ya mwisho ukakauka. Pole sana. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa kuinua wazee, na baridi ya huku imenipasua vidole. Naandika nikiwa nimesimama jikoni, karatasi iko juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu chumba chetu cha watu watatu hakina meza.

Utashangaa uzito wa bahasha. Miaka yote nimekutumia kadi ya Krismasi yenye mistari miwili, kama vile namwandikia bwana shamba. Leo nina neno, na nitalifikia. Usinikimbize.

Kazi yangu unaijua: nalea wazee katika nyumba moja kwenye mji wa kaskazini huku. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza wasiote vidonda. Wengi hawana anayekuja kuwaona. Akifa mmoja, gari linamchukua, na kesho yake kitanda kina mtu mwingine. Mwanzoni nilikuwa nalia. Siku hizi nabadilisha shuka.

Chumba namba sita alikuwepo babu mmoja kipofu, mkali kama baba, anaulaani uji kila asubuhi kisha anaumaliza. Binti yake alimletea CD za kitabu kizima kilichosomwa kwa sauti. Nikauliza vinauzwa wapi vitu hivyo, akasema haviuzwi. Kuna watu wa kujitolea, hata hawajuani, kila mmoja anasoma sura yake nyumbani kwake na kuiweka kwenye intaneti, na anayetaka anajichukulia bure. Ndiyo maana sura moja unasikia mbwa akibweka, nyingine msomaji ana mafua, nyingine ni Mmarekani, nyingine Mhindi, na yule wa sura ya kumi na moja anahema kama aliyepanda kutoka sokoni Kiboriloni hadi kwetu Old Moshi na mkungu wa ndizi kichwani. Baba angewakosoa matamshi wote, halafu angewapa saba juu ya kumi kwa kujituma.

Nilikuwa namlisha babu. Sura ya pili ikaanza. Nikasahau kijiko mkononi mpaka babu akauliza kama nimekufa. Kaka, kilikuwa kile kitabu cha baba. Bwana mnene anayekwenda harusini na shangazi yake na bata bukini, anapotea kila njia panda na kila mara anadai ndiyo njia aliyoikusudia.

Unakumbuka zile Jumapili? Tunatoka kanisani, mtori uko jikoni, baba anakaa kwenye kile kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Anasoma ukurasa kwa Kiingereza, anatueleza kwa Kichagga. Anacheka kabla hajafika penye kichekesho, miwani inateleza, na sisi tunacheka kwa sababu anacheka yeye. Siku nyingine zote za wiki alikuwa Mwalimu, hata mezani. Jumapili saa nane mchana ndiyo tulikuwa na baba.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mimi ndiye niliyezichana zile kurasa za mwisho za kitabu cha baba. Najua unajua, lakini sijawahi kulisema, kwako wala kwa mtu yeyote, na nataka mkono wangu uliandike. Mama alinituma sokoni Kiboriloni na karanga za kukaanga, na karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha. Unajua ule wakati karatasi ilivyokuwa shida, hata daftari tulifuta tukaandika tena. Nikafikiri, nikichana za mwisho kabisa baba hataona, maana bado hatujafika huko. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja. Nikakunja vikoni, nikauza karanga zote, na kikoni kimoja nikakuwekea wewe, kwa sababu ulinibebea ndoo asubuhi.

Kikoni hicho ndicho baba alichokikuta mfukoni mwa shati lako. Bado kilikuwa na chumvi ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Baba alikuuliza mara tatu, "Ni wewe?" Ukanitazama mara moja tu, kisha ukatazama chini. Ukasema, "Ni mimi, Mwalimu." Hukumwita hata baba. Nami nikainua sinia nikaenda kuliosha.

Nilidhani utachapwa na yataisha. Nimejitetea hivyo miaka mingi, na kwa siku ile ni kweli. Lakini baba hakukuchapa. Alisema mtu anayechana kitabu hana kazi na shule, na ile nafasi yako ya sekondari akaiacha ipite, fomu ikabaki juu ya kabati mpaka buibui wakaijengea. Siku ile bado ningeweza kusema. Wiki ile, mwezi ule. Uliposhuka Chekereni kupandikiza mpunga wa watu ningeweza kukufuata hadi barabarani nikakurudisha. Miaka miwili baadaye nikaenda sekondari mimi, na sanduku la bati ambalo baba alikununulia wewe. Jina lako lilikuwa ndani ya kifuniko, nikalibandikia karatasi.

Kiingereza kilichonileta huku ni chako. Natamani kuliandika hilo vizuri zaidi lakini sina namna.

Na mwisho wa kitabu? Tuliachia pale bwana mnene amekwama mtoni, kofia yake inakwenda na maji. Nilimwomba baba atusimulie tu kwa mdomo, si alikuwa anaujua. Akafunga kile kitabu kisicho na mkia, akaniambia, "Mwisho kamuulize aliyeuchana." Hakusoma tena Jumapili yoyote. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Babu wa chumba namba sita alifariki miezi miwili iliyopita, saa ya chai ya asubuhi. Niliingia na kikombe, nikajua kwa kumtazama mdomo. Kaseti, nisamehe, CD, ilikuwa bado inasema. Ilikuwa sura ya mwisho. Sheria ya kazi ni kubonyeza kengele papo hapo. Sikubonyeza. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nimeshika mkono wa maiti, nikasikiliza hadi mwisho. Mwisho wenyewe ni wa kuchekesha kweli, kaka. Nililia mpaka msimamizi akaja, akadhani namlilia babu, akaniambia nimefanya kazi kwa moyo.

Binti yake alipokuja kukusanya vitu alinipa zile CD. Nikasema siwezi kuzilipia, akanikumbusha kwamba hata yeye hakuzilipia.

Sasa sikiliza. Mama anasema baba anakunywa uji vijiko viwili, cha tatu kinarudi. Sukari imemaliza macho, sasa iko kwenye figo. Daktari amewaambia wamrudishe nyumbani, na wewe unajua maana yake. Mimi siwezi kuja. Vibali vyangu viko kwa mwanasheria tangu mwaka jana, nikitoka sirudi, na nisiporudi hakuna anayemnunulia dawa. Nimempigia simu mara mbili nikiwa nimepiga moyo konde kwamba leo namwambia. Mara ya kwanza nikauliza habari za migomba. Mara ya pili nikauliza kama kweli wameng'oa kahawa yote. Akasema wameng'oa, wamepanda nyanya, akakata simu.

Ndiyo maana nakuletea kaseti. Baba hana mashine ya CD, ana ile redio yake ya kaseti. Nilinunua redio kuukuu kwenye duka la mitumba la huku nikazihamisha zote, mwezi mzima, nikiwafukuza wenzangu chumbani. Ziko tisa ndani ya kopo la biskuti, nimezipa namba. Anayekuletea ni dada wa Machame ninayefanya naye kazi. Mkaribishe, ana njaa ya wali wa Chekereni.

Kaseti ya tisa, upande wa pili, mwisho wa kitabu unaisha na kuna kimya kidogo. Kisha ni mimi. Nimezungumza na baba kwa Kichagga, kama dakika saba. Nimemwambia kila kitu nilichoandika hapa: karanga, kikoni, sinia, sanduku. Nimesema jina lako mara nyingi. Mara moja sauti ilikatika nikaiacha hivyo hivyo, nisingeweza kurudia.

Sitaki mama ampelekee, wala mchungaji. Sitaki baba asikie kabla yako. Isikilize wewe kwanza, halafu uamue. Ukiona inafaa, panda Old Moshi ukae naye, mkianzia kaseti ya kwanza, taratibu, kiasi atakachoweza. Hujaingia nyumba ile tangu bibi azikwe, na hata siku ile ulisimama migombani. Ukiona haifai, zitupe mferejini, na mimi sitakuuliza. Nimekaa kimya miaka yote hii wewe ukibeba, sina haki ya kukuamrisha tena. Naogopa kitu kimoja tu: kwamba baba atazikwa kwenye kihamba, katika shamba la ukoo wetu, akiamini ni wewe.

Mwisho wa kitabu sikuandikii. Nitakuambia hili tu, kwamba bwana mnene anachelewa mno, na bado wanamsubiri.

Nisalimie wifi, mwambie ile khanga ya kijani ni yake na asimpe dada yake. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka kwa majina yote matatu. Nisalimie jirani yenu fundi baiskeli aliyekuwa akikusomea kadi zangu ulipoumwa macho. Hii usimpe akusomee. Mama, kama utapanda, mshike mkono kwa niaba yangu, nawe ukae hapo kidogo kabla hujasema kitu.

Kuna jambo la mwisho. Hapa kazini, pale mapokezini, kuna isale. Kweli kabisa, mmea ule ule tunaopanda mpakani mwa mashamba kwetu, umewekwa kwenye chungu cha plastiki karibu na lifti. Huku wanainunua dukani kupamba, hawajui ni kitu gani, wageni wanaitupia vijiti vya kukorogea kahawa. Siku ya kwanza kuiona nilisimama mpaka nikaulizwa kama nimepotea. Mwaka wa tatu huu naimwagilia maji, na si kazi yangu.

Juzi nilichuma jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyomwona bibi akifanya. Kwa desturi angelileta mtu mzima wa ukoo, akae, aeleze, na mimi niwe nje nasubiri. Sina mtu wa kumtuma. Na najua anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hilo limenisumbua sana, maana sikutaka kukulazimisha kwa mara ya pili.

Kwa hiyo nimeliweka kwenye bahasha ndogo ya kahawia, peke yake, chini kabisa ya kopo, nimeigundisha. Usipoifungua, hujaletewa chochote, na sisi tuko pale pale tulipokuwa. Ukiifungua ukakuta jani limekauka, jua tu kwamba nililichuma bichi, na kwamba huku niko nje, nasubiri.

Mimi mdogo wako,
Haikaeli