Picha ya Mama Uliyoifuta Mbamba Bay

Kaka Menrad,

Huko Dar uliko sijui kama ile kamera yako ya dijitali bado ipo. Yangu ipo, hii ya mkanda uliyokuwa ukiicheka.

Unakumbuka tulivyomteremsha mama kutoka Mkumbi hadi Mbamba Bay, msimu ule wanunuzi binafsi walipogombania kahawa yetu? Njia nzima kwenye lori ulinitania. "Mdogo wangu, dunia imebadilika. Wewe piga, peleka Songea ikasafishwe, ngoja wee, ukute umekata watu vichwa." Nilicheka, maana kweli niliwahi kumkata padri kichwa.

Ziwani mama alivua viatu, akakunja kitenge, maji yakamfika magotini. Mama yetu, ambaye kwenye kila picha amefunga mdomo kama yuko polisi, siku hiyo alicheka. Niliinua kamera yangu, imebaki picha moja tu. Ukanizuia. "Itunze hiyo. Yangu haina mkanda wa kuisha." Ukapiga, ukamwonyesha palepale.

"Jamani, kumbe nina meno!" alisema. "Hii ndiyo mtaitundika ukutani, hata nikifa."

Kila Jumapili akauliza picha yake, nawe ukajibu bado kidogo, kompyuta ya Songea mbovu. Aliugua akiuliza. Tulipokaa na jeneza bila ile picha yake ya kuweka juu, ndipo uliponiambia, tena bila aibu: "Niliifuta siku ileile. Kadi ilijaa, na meli ilikuwa inaingia, nikataka kuipiga. Meli haiji kila siku, mama nilijua yupo."

Mkanda una tabu zake, nakubali. Ila ukishapiga, huwezi kumtoa mtu ili meli iingie.

Umeniumiza, kaka. Ulimdanganya mama mpaka anakata roho, na mimi bila kujua nikakusaidia kumwambia asubiri. Sijakusamehe na sitaki kujifanya.

Ile picha yangu moja niliitumia. Niliwapiga ulipokuwa umemshikia mama kamera atazame kioo: yeye amenipa mgongo, wewe umeelekea kwangu, meno yote nje. Nimeitundika, maana ya siku ile sina nyingine. Wageni wakiingia huuliza huyo kijana anayecheka ni nani. Hakuna anayemuulizia mama.

Kaa salama huko.

Mdogo wako uliyemwacha nyumbani,
Ostina