Ulimi Umekufa Msimu wa Asali

S.L.P. 47,
Isikizya, Uyui.
20 Juni 2024

Mpendwa dada Najiat,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje, na hilo joto la Mtwara? Huku baridi ya asubuhi inauma. Mama ni mzima, alhamdulillahi, ila anasema umemsahau.

Dada, mimi si mzima. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenisikia nikilia.

Unajua nilikotoka. Nilianza kwa kuosha ndoo na kuchuja asali, hadi nikawa mwonjaji wa chama chetu cha ushirika. Maji yaliyomo ndani ya asali yana kipimo chake. Moshi wa kufukuzia nyuki ukiingia kwenye asali hauna kipimo, ni ulimi tu. Mwaka huu wakanifanya meneja mkuu. Kiti walinipa. Namna ya kukikalia hakuna aliyenifundisha.

Kazi ya kuonja nilimwachia Bundala, kijana wetu wa ghalani, kwa mdomo tu. Wiki ya kwanza alipokea ndoo moja, nami nikaionja tena mbele ya warina asali wote na kuikataa. Tangu hapo hawamtaki. Mzee Masolwa, mmoja wao, alimwambia, "Huo mdomo wako kalie ugali, kijana. Sisi tunamsubiri Mama Tunu."

Basi naonja mimi. Kwa siku naweza ndoo sitini, zinaingia themanini. Piga hesabu mwenyewe. Barua za wanunuzi zinalala mezani. Mwenyekiti wetu, mzee Kasimiri, kaja juzi: "Tunu, tulikupa ofisi, wewe umehamia getini." Lori la mnunuzi linakuja Jumatatu. Lisipojaa, mkataba umekwenda, nami nimekwenda nao.

Sasa sikia balaa lenyewe. Tangu Jumanne nina mafua, na ulimi umekufa. Asali, maji, chumvi, kwangu yote sawa. Nimekuwa nikitia kijiti cha kuonjea mdomoni, naitikia kwa kichwa, nasema nzuri. Ningesema nini, na foleni yote inaniangalia?

Leo Bundala alinifuata nyuma ya ghala, akanong'ona, "Mama, ile ya mwisho ina moshi." Hakusema mbele za watu. Mimi kwake nilisema mbele za watu.

Dada, ulipofanywa muuguzi mkuu, sindano uliiachaje? Ulilala usingizi? Mimi nikiacha kijiti sijui nabaki nani. Shule sina, nina ulimi huu tu, na sasa hata huo sina.

Jibu lako halitawahi. Kesho, kabla ya ndoo ya kwanza, nitamkabidhi Bundala kijiti mbele yao, niwaambie ulimi umekufa, na zile zote nilizopitisha tangu Jumanne azionje upya. Wakicheka, wacheke. Niombee tu wasibebe ndoo zao wakaondoka.

Msalimie shemeji Majidi na wanao. Barua anakuletea Sabiri, anasafiri kuja huko. Dawa ya mafua usimpe. Mpe jibu.

Mungu akuponye mguu, nami anishike mkono kesho.

Mdogo wako akupendaye,
Tunu